Jicho Kiganjani

Toleo la Juni 1934 la jarida la Asahi Camera, lililochapishwa Japani, lilibeba tangazo la kamera ambayo hakuna duka hata moja lililokuwa nayo. Lilijigamba kwa maneno machache: nyambizi ni ile ya aina ya I, ndege ni ile ya modeli ya 92, kamera ni Kwanon, na zote ni bora kuliko zote duniani.

Nyambizi na ndege zilieleweka. Japani ilikuwa imeiteka Manchuria tangu 1931, ikajitoa kwenye Shirikisho la Mataifa mwaka 1933, na magazeti yake yalijaa sifa za silaha. Kinachoshtua ni jina la tatu. Kwanon, ambaye siku hizi Wajapani humwandika Kannon, ndiye kiumbe mtakatifu wa huruma katika dini ya Kibudha. Sura ya 25 ya Sutra ya Yungiyungi inawataja wanaomwita na kuokolewa: baharia aliyekumbwa na dhoruba, mfungwa aliye kwenye minyororo, mtu aliyeinuliwa upanga shingoni, mwanamke anayeomba mtoto. Huyo ndiye aliyewekwa mstari mmoja na nyambizi na ndege ya kivita, na kwa waliolitunga tangazo hilo haikuonekana kuwa kuna mgongano wowote.

Mgongano upo. Umedumu katika historia nzima ya kamera za Kijapani, nao unazaa swali ambalo ni la dini na la falsafa pia: je, mtu anaweza kuona mateso ya mwenzake na kubaki hadaiwi kitu?

Aliyechagua jina hilo ni Goro Yoshida, fundi aliyezaliwa mwaka 1900 katika mkoa wa Hiroshima. Tangu utotoni alipenda kufungua kamera na kuziunga upya. Ukubwani alitengeneza mashine za sinema, na kazi hiyo ilimpeleka hadi Shanghai kutafuta vipuri. Kwa maelezo yake mwenyewe, huko alikutana na mfanyabiashara Mmarekani aliyemuuliza kwa nini ahangaike kuvuka bahari kwa ajili ya vipuri, ilhali nchi yake inaunda manowari zinazoogopwa. Swali lile lilimkaa moyoni. Akaipata Leica, kamera ya Kijerumani iliyosifiwa kuliko zote wakati ule, akaifungua kipande kwa kipande. Alitazamia kukuta kitu cha ajabu ndani yake. Alikuta shaba, alumini, chuma na mpira. Hapakuwa na almasi wala siri, na hilo lilimkasirisha, kwa sababu Leica ya aina ya pili iliuzwa yeni 420 wakati kijana aliyetoka chuo kikuu na kuajiriwa benki alianza na mshahara wa yeni 70 kwa mwezi.

Novemba 1933, Yoshida na shemeji yake Saburo Uchida walifungua karakana katika ghorofa ya tatu ya jengo moja mtaani Roppongi, Tokyo. Rafiki yao Takeshi Mitarai, daktari wa uzazi, aliwasaidia kwa fedha. Yoshida alikuwa muumini wa Kannon, na imani yake ilionekana kwenye kila alichogusa. Kamera ya majaribio aliipa jina la mtakatifu wake, na alama yake ikawa mchoro wa Kannon mwenye mikono elfu moja, amezungukwa na ndimi za moto. Lenzi aliiita Kasyapa, jina la mwanafunzi wa Budha. Wabudha wa Zen wanasimulia kwamba siku moja Budha aliinua ua mbele ya wafuasi wake bila kusema neno. Wote walikaa kimya wakisubiri hotuba, Kasyapa peke yake akatabasamu, kwa kuwa alikwisha kuelewa kwa kuona tu. Ni vigumu kufikiria jina linalofaa lenzi zaidi ya hilo.

Kwanon haikuuzwa kamwe. Yoshida aliondoka kwenye karakana mwaka huohuo wa 1934, na waliobaki walihitaji jina ambalo lisingemkwaza mnunuzi wa nchi za mbali kwa ajili ya dini. Mwaka 1935 wakasajili Canon, neno linalosikika karibu sawa na la kwanza na ambalo kwa watu wa Ulaya lilileta picha ya kanuni na vitabu vitakatifu vilivyokubaliwa. Kamera yao ya kwanza kuingia sokoni, Hansa Canon, ilitumia lenzi za Nippon Kogaku, kampuni ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la Nikon. Mikono elfu ikatoka kwenye nembo. Kampuni ikakua.

Lakini inafaa kumtazama kwa makini huyo aliyeachwa nyuma. Mjini Kyoto kuna ukumbi mrefu wa mbao uitwao Sanjusangendo. Ndani yake zimepangwa sanamu 1,001 za Kannon wa mikono elfu: elfu moja zimesimama kwa safu, na moja kubwa imeketi katikati. Ile ya katikati ilichongwa na Tankei, ikakamilika mwaka 1254 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Ukizihesabu, sanamu hizo hazina mikono elfu kamili. Kila moja ina mikono miwili iliyounganishwa kifuani na mingine 40 iliyotandazwa pembeni, na mafundisho yanasema kila mmoja wa hiyo 40 unafikisha msaada katika ulimwengu 25. Na desturi ya kumchora au kumchonga Kannon wa namna hii ni kutia jicho katika kila kiganja.

Jicho kiganjani. Wachongaji hawa walikuwa wanafundisha jambo kwa mbao vizuri kuliko wengine wanavyofundisha kwa vitabu. Binadamu ana macho usoni na mikono pembeni, na kati ya hivyo viwili kuna nafasi ya kusita, kuhesabu faida, kugeuza uso. Kannon hana nafasi hiyo. Kiungo kinachoona ndicho hichohicho kinachoshika, kinachoinua, kinachofunga jeraha. Hadithi moja inayosimuliwa na Wabudha inasema hata hilo halikuja kwa urahisi: alipotazama wingi wa mateso ya dunia kichwa chake kilipasuka vipande, akapewa vichwa kumi na kimoja; alipojaribu kuwafikia wote mikono yake ikavunjika, akapewa elfu. Kuona kulimvunja kabla hakujamfanya mwokozi.

Msomaji wa Kiislamu au wa Kikristo halazimiki kumwamini Kannon ili aelewe hoja hii, maana anayo nyumbani kwake. Al-Basir, Mwenye kuona yote, ni miongoni mwa majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na rehema zake zimo katika majina hayohayo. Katika Biblia anayempa Mungu jina la Yeye aonaye ni Hajara, mjakazi aliyeteswa akakimbilia nyikani, na kuonwa kwake ndiko kuokoka kwake. Imani hizi zinatofautiana kwa mengi mazito, lakini hakuna hata moja inayomfanya Mungu kuwa mtazamaji aliyekaa jukwaani.

Kwa binadamu, wahenga walitoa nafuu: macho hayana pazia. Jicho hukutana na lolote lililopo, na mtu halaumiwi kwa kilichomwangukia machoni. Nafuu hiyo haimfikii mwenye kamera, kwa sababu kamera ina pazia, tena la kitambaa. Ndani ya Hansa Canon, nyuma ya lenzi na mbele ya filamu, kulikuwa na kitambaa cheusi kinachozuia mwanga. Kidole kikibonyeza kitufe, mwanya wa pazia hilo unapita mbele ya filamu na kuiangaza kwa muda mfupi unaoweza kushuka hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, kisha giza linarudi. Mtu fulani aliamua kulifungua. Aliamua lielekee wapi, na kwa nani. Kwa hiyo picha haimwangukii mpiga picha. Huifuata, huichukua, na kuanzia hapo ina mwenyewe wa kuulizwa.

Asubuhi ya Agosti 6, 1945, uamuzi huo ulimfika Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti la Chugoku Shimbun la Hiroshima, mwenye umri wa miaka 32. Nyumba yake ilikuwa kilomita 2.7 kutoka pale bomu la atomiki lilipolipukia. Alitoka na kamera ya Mamiya Six, kazi ya mtengenezaji mwingine wa Kijapani aliyeanza mwaka 1940, na filamu ya kutosha picha 24. Akafika daraja la Miyuki, ambako watu waliochomeka, wengi wao wakiwa watoto wa shule, walikuwa wamekaa chini wakipakwa mafuta ya kupikia kwenye majeraha kwa kuwa dawa haikuwapo. Alisimama pale muda mrefu bila kuinua kamera. Hatimaye akapiga moja, akasogea karibu, akapiga ya pili, na alieleza baadaye kwamba machozi yalikuwa yamemziba asione vizuri kwenye kitundu cha kulengea. Mjini alikuta tramu iliyojaa maiti. Alikanyaga ngazi yake akitaka kupiga picha ya ndani, akashindwa, akashuka.

Siku nzima alibonyeza mara saba tu. Picha tano zilisalia, na hizo ndizo zinazojulikana kuwa zilipigwa ndani ya Hiroshima siku ileile ya maafa.

Wapo waliosikitika kwamba hakupiga zaidi, na masikitiko yao yana msingi: mamlaka ya Marekani iliyoikalia Japani ilidhibiti habari za bomu, na kila picha iliyokosekana iliwapa nafasi waliotaka jambo lile lisahauliwe. Hata hivyo picha 17 ambazo Matsushige hakuzipiga zina heshima yake. Mtu aliyekuwa na kamera nzima, filamu tele na tukio lisilo na mfano katika historia aliona kwamba walio mbele yake wanamtazama, wanakufa, na hana cha kuwapa. Kusita kwake ni ushahidi kwamba ile nafasi kati ya jicho na mkono ilikuwa inamuuma. Mpiga picha asiyeumwa na nafasi hiyo ndiye wa kuogopwa. Na zile mbili za darajani, alizozipiga akilia, zimefanya kazi ambayo mafuta ya kupikia hayakuweza kuifanya, maana ni vigumu mno kuzitazama kisha kuzungumzia bomu la atomiki kama hesabu ya vita.

Kabla ya hapo, katika karakana iliyozaliwa kwa jina la Kannon, kulikuwa kumetokea jambo lililovuma kidogo kuliko linavyostahili. Mwaka 1940 kampuni ilitengeneza kamera ya kwanza ya Kijapani ya kupiga picha za eksirei kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Mgonjwa husimama mbele ya bamba linalong'aa mionzi inapolipiga, na kamera huipiga picha ile nuru ya kwenye bamba kwa filamu ndogo na ya bei nafuu badala ya ile kubwa ya ukubwa wa kifua. Kwa njia hiyo watu wengi huweza kupimwa mapafu kwa muda mfupi. Tusisahau kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1950 kifua kikuu ndicho kilichoua Wajapani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mitarai, yule daktari wa uzazi, alishika uongozi wa kampuni mwaka 1942. Miaka kumi baada ya chombo cha eksirei, mwaka 1950, kampuni ya Olympus ikishirikiana na daktari Tatsuro Uji ilifanikisha kamera ndogo inayomezwa kupitia mrija na kupiga picha ukuta wa tumbo kwa ndani, ili saratani ionekane mapema.

Hapa jicho limerudi kiganjani. Picha ya eksirei haina maana yoyote isipokuwa kuna mkono unaoisubiri: daktari, dawa, kitanda. Hakuna anayeitundika ukutani kwa uzuri wake. Ikiwa Yoshida alikusudia kweli kumpa Kannon chombo, basi chombo hicho kilifanana naye zaidi kilipoingia hospitalini kuliko kilipokuwa kwenye tangazo karibu na nyambizi.

Ila si kila picha ina daktari upande wa pili, na ndipo kisa cha Minamata kinapokuwa kizito. Katika mji huo wa pwani ya kusini mwa Japani, kampuni ya kemikali ya Chisso ilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Samaki waliimeza, watu wakala samaki, na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ukawapinda viungo, ukawaziba midomo, ukawaua. Watoto wengine waliupata tumboni mwa mama zao. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia Minamata, wakaishi huko hadi 1974 wakipiga picha maisha ya wagonjwa na kesi yao. Smith alitumia kamera za Minolta. Januari 1972 alipigwa na watu wa Chisso kwenye kiwanda cha Goi, karibu na Tokyo, akaumizwa vibaya kiasi kwamba uwezo wake wa kuona ulidhoofika.

Mwezi mmoja kabla ya kipigo hicho, kwa ridhaa ya wazazi, Smith alikuwa amepiga picha ya mama akimwogesha binti yake. Binti ana umri wa miaka 15. Zebaki ilimfikia kabla hajazaliwa. Amelala mikononi mwa mama ndani ya beseni la kuogea la Kijapani, miguu imenyooka na kukakamaa, vidole vimejikunja, macho yametazama juu bila kukutana na kitu. Mama anamtazama usoni. Chumba ni giza, na mwanga unawaangukia wawili hao. Jarida la Life liliichapisha Juni 1972, na dunia ambayo haikujua Minamata iko wapi ikajua zebaki inafanya nini mwilini mwa mtoto. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa wagonjwa ushindi dhidi ya Chisso. Haki ile ilipatikana kwa miaka mingi ya mapambano ya wagonjwa wenyewe na mawakili wao, lakini picha ilitembea mahali ambapo wao wasingeweza kufika.

Binti alifariki mwaka 1977. Picha iliendelea kuishi: vitabuni, kwenye maonyesho, kwenye mabango. Mwaka 1998 baba yake alieleza kwamba sasa wanataka binti yao apumzike. Aileen Smith, aliyebaki na haki za picha, aliwakabidhi wazazi uamuzi juu yake, nayo wakati ule ikaondolewa kwenye uchapishaji mpya.

Wapo walioona huo ni msiba kwa historia, wakahoji kama familia moja ina haki ya kukiondoa mbele ya macho ya watu kitu kilichokwisha kuwa cha binadamu wote. Swali si dogo, lakini jibu lake halihitaji kuzungushwa. Picha ile haikuwa ya binadamu wote siku ilipopigwa. Ilikuwa ya msichana asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, na ya mama aliyesema ndiyo kwa niaba yake ili watoto wa wengine wapone. Aliyeikopesha dunia sura ya mwanawe ana haki ya kuidai irudi. Upigaji wa picha ulikuwa tendo la huruma, na uondoaji wake ulikuwa tendo la huruma lilelile, kwa sababu mara zote mbili aliyesikilizwa kwanza ni yule aliyebeba maumivu.

Wajapani hawakuhitaji kutafuta mbali mfano wa kitakatifu kisichoonyeshwa. Katika hekalu la Senso-ji, mtaa wa Asakusa jijini Tokyo, kuna sanamu ya Kannon ambayo, kwa masimulizi ya hekalu, ndugu wawili wavuvi waliinasa kwa wavu katika mto Sumida mwaka 628. Sanamu hiyo imefichwa kwa karne nyingi na haionyeshwi kwa waumini. Ukumbi wa hekalu uliteketea usiku wa mabomu ya moto wa Machi 10, 1945, ukajengwa upya, ukazinduliwa mwaka 1958. Mamilioni ya watu humiminika hapo kila mwaka kumwomba mwenye kuona kila mtu, bila wao kumwona. Hawaoni kuwa wamepunjwa. Katika nchi iliyoipa dunia kamera nyingi mno, hilo ni fundisho linalopaswa kusikika nje ya hekalu: kitu kinaweza kuheshimiwa kwa kutotazamwa.

Historia ya viwanda hivi imefika mikononi mwa msomaji kwa njia fupi kuliko anavyodhani. Mwaka 2006 Konica Minolta, mrithi wa kampuni iliyotengeneza kamera alizotumia Smith, iliacha biashara ya kamera na kuikabidhi Sony shughuli zake za kamera za lenzi za kubadilisha. Sony hiyohiyo leo ni mtengenezaji mkubwa wa vihisi vya picha vinavyowekwa kwenye simu za mkononi za makampuni mbalimbali. Pazia la kitambaa halipo tena, bei ya mishahara sita haipo, filamu ya picha 24 inayomlazimisha mtu afikiri haipo. Kila anayeshika simu ameshika jicho kiganjani, kama sanamu za Kyoto, ila bila ule mkono wa kuokoa.

Ndiyo maana kwenye ajali za barabarani, kuanzia Chalinze nchini Tanzania hadi Salgaa nchini Kenya, huonekana watu wameinua simu juu ya majeruhi ambaye bado anapumua, na ndugu wa marehemu hujua msiba wao kupitia kundi la WhatsApp kabla ya kupigiwa na polisi. Wengi wao si watu wabaya. Wamezoea kuona bila kudaiwa. Ukifika mahali kama hapo, piga 112, simamisha magari, mfunike aliyelala chini, umshike mkono kama hakuna kingine unachoweza. Ushahidi ukihitajika, piga picha ya magari na barabara, umpe askari. Na ile picha ya maiti uliyotumiwa, usiitume kwa mtu mwingine, ifute.